Sura ya Sita: Maili Mia na Kumi na Mbili

Severin alikuwa na namba mbili mfukoni, na namba hizo hazikupatana.

Ya kwanza iliandikwa kwa penseli jioni ya tarehe 13 Agosti 1974, kwa mkono wa Thomas mwenyewe, katika daftari dogo lenye jalada la kijani: 21,406. Ya pili iliandikwa na askari wa Ontario, Kanada, saa sita mchana wa kesho yake, kwenye fomu ya mtu aliyepotea: 21,518. Zote zilisomwa kwenye dashibodi ya gari moja, lile gari-nyumba lenye kitanda, jiko na choo ndani yake ambalo Thomas na mkewe walikodi ili waikate Kanada kutoka mashariki hadi magharibi. Na kati ya namba hizo mbili, kwa maelezo ambayo mke aliyatia sahihi, gari halikusogea hata hatua moja.

"Maili mia na kumi na mbili," alisema Dafrosa, dada yake Thomas. "Nilikwambia, afande. Nilikwambia yule mwanamke ana jambo."

Alimwita afande kwa utani, kwa kuwa Severin aliwahi kuwa polisi Moshi kwa miaka saba kabla ya kuja Stockholm kwa mafunzo na kusahau kurudi. Sasa alichunguza madai ya bima, vyumba vilivyoungua na baiskeli zilizoibwa. Kazi hii ya Dafrosa aliifanya Jumamosi, siku yake ya mapumziko, bila kulipwa.

"Namba hazisemi ana jambo," alijibu. "Zinasema gari lilikwenda mahali likarudi."

"Nyie Wahaya! Mtu akifa mnadai cheti."

"Na nyie Wachaga mtu akipotea mnadai mchawi."

Siku nyingine Dafrosa angecheka. Leo aliinuka akaenda dirishani, akachukua kitambaa chenye maji na kuanza kufuta majani ya mmea uliokuwa kwenye chungu. Nje, uwanja wa Vällingby, mtaa wake pembezoni mwa Stockholm, ulijaa watu waliotoka kununua mahitaji, wamevua makoti kwa mara ya kwanza mwaka huo. Ilikuwa tarehe 31 Mei 1975. Thomas alikuwa amepotea miezi tisa na nusu.

"Barua ya mama imefika jana," alisema bila kugeuka. "Padri amemwomba tena akubali misa ya marehemu. Amekataa. Hataki kukaa matanga ya mtu asiye na kaburi. Kila Jumapili bado anamwekea sahani. Ameandika maneno haya, nimeyashika kichwani: nionyeshe kaburi au nionyeshe mtoto."

"Ndilo swali ulilonipa."

"Ndilo swali hilo hilo. Yuko wapi? Na nakwambia, Jumatatu asubuhi nachukua hizo namba zako nazipeleka polisi. Hawa wa hapa. Wamuulize wao."

"Watamuuliza kama mshukiwa wa mauaji."

"Basi wamuulize." Alikikunja kitambaa. "Kaka yangu alikuwa akirudi nyumbani Desemba kuoa. Mama alishampata binti, Rombo, watu wazuri. Miaka minane na yule, tumbo tupu! Hospitali anajua yeye, dawa anajua yeye, akiulizwa anatazama chini. Mficha uchi hazai. Mke anajua mwenzake anakuja, wako wawili porini, asubuhi mume hayupo. Kwenu Bukoba hiyo haiitwi sababu?"

"Kwetu Bukoba inaitwa sababu. Haiitwi ushahidi."

Severin alitazama chungu. Majani marefu, membamba, ya kijani kitupu toka shinani hadi nchani.

"Isale mnalipanda hata huku?"

"Thomas ndiye aliyelileta, mwaka sitini na nane, kichipukizi kimeviringishwa ndani ya soksi. Tulikigawa, kimoja kwangu, kimoja kwao Bredäng." Sauti yake ililegea kidogo. "Alisema Mchaga hawezi kuishi mahali asipoweza kuomba radhi."

Severin aliifahamu desturi hiyo kuliko baadhi ya Wachaga wenyewe. Katika miaka yake saba ya Moshi aliona kesi za mipaka ya migomba, za mapanga na damu, zikifungwa kwa jani moja. Mkosaji hukata isale, hulifunga fundo, humpelekea aliyemkosea. Ukishaletewa isale, hukatai. Hakimu wa Kizungu wa zamani aliwahi kulalamika kwamba mmea ule ulimnyang'anya kazi.

"Na koti je?" Dafrosa aliuliza. "Method hajakueleza habari za koti?"

"Koti gani?"

"Muulize mwenyewe. Ukinisikia mimi utasema ni chuki ya wifi."

Method alikuwa zamuni T-Centralen, kituo kikuu cha treni za chini ya ardhi, ndani ya kibanda cha tiketi, akigonga mihuri kwa kasi ya mtu aliyeacha kuhesabu. Alikuwa rafiki wa Thomas tangu shule. Severin alisimama kando ya dirisha dogo, na mazungumzo yao yakawa yanakatwa kila abiria alipofika.

"Shemeji Leokadia alinipa nguo zote za marehemu mumewe mwezi wa Septemba," alisema Method. "Suruali, mashati, koti la baridi. Mwezi haujapita tangu arudi! Mke wangu alishangaa. Kwetu nguo za marehemu hugawa ukoo, tena baada ya matanga. Lakini mama mgonjwa wa huzuni utamfundisha desturi? Tack, tack," alimshukuru bibi mmoja kwa Kiswidi, akagonga muhuri. "Nikazichukua."

"Na koti?"

"Mwezi huu, mwanzoni, alikuja hapa hapa dirishani. Akasema, Method, nirudishie koti. Nikamwambia shemeji, mashati nimeshayavaa, suruali nimeshazipunguza. Akasema hayo baki nayo, nataka koti."

"Koti tu?"

"Koti tu. Nikampelekea. Limenikaa vizuri sana lile koti, nakwambia. Manyoya hadi ndani ya kofia."

"Lilikuwa na doa? Mpasuko? Kitu mfukoni?"

Method alimtazama. "Dafrosa ameshakulisha maneno. Doa gani? Nimelivaa majira yote ya baridi, treni nzima imeniona."

"Ulimpelekea tarehe ngapi?"

"Siku mbili baada ya sikukuu ya wafanyakazi. Tarehe tatu."

Severin aliandika. Abiria wa nyuma alikohoa.

"Kaka Severin," Method aliinamia tundu la dirisha. "Unadhani alimuua?"

"Sidhani, nahesabu."

"Basi hesabu upande mwingine kwanza. Nilimwona siku ile aliporudi uwanja wa ndege. Alikuwa amebeba viatu vya Thomas mkononi. Hakuvitia begini. Kutoka Kanada, mkononi."

Katika treni ya kwenda Bredäng, Severin alifungua ramani aliyoazima maktaba akaiweka magotini. Thomas alikuwa mpimaji wa barabara. Hakujua kusafiri bila kuandika. Kila jioni aliandika namba ya dashibodi, kila asubuhi aliithibitisha kabla ya kuwasha gari. Siku ishirini na mbili, hakuna kosa hata moja. Kwa hiyo 21,406 ilikuwa namba ya kuaminika. Askari naye hakuwa na sababu ya kuongeza maili.

Gari lilikuwa kambini Agawa, ufukoni mwa Ziwa Superior, na liliondoka na kurudi pale pale. Gawanya kwa mbili. Maili hamsini na sita kwenda, hamsini na sita kurudi.

Mtu anayetaka kutupa maiti kando ya ziwa lenye kina kile haendi maili hamsini na sita. Ziwa liko pale pale. Severin aliweka rula kwenye barabara pekee iliyopita kambini. Kusini, maili hamsini na sita ziliishia msituni, pasipo na jina. Kaskazini ziliishia mji mdogo uitwao Wawa. Chini ya jina la Wawa, mchora ramani alikuwa ameweka alama ndogo ya basi.

Alifunga rula katika karatasi yake, kama alivyozoea, akashuka.

Leokadia alifungua mlango kabla kengele haijamaliza kulia. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya mjane, na juu yake sweta ya kazini yenye kibandiko cha jina. Alikuwa mwuguzi, na zamu yake ya asubuhi ilikwisha saa nane.

"Karibu, shemeji Severin. Pita. Usivue viatu, sakafu baridi."

Severin alivua. Wenyeji wa hapa walikuwa wamemfundisha hilo. Alipoinama aliona, kwenye pembe ya ukumbi mdogo wa kuingilia, kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa kamba, upande wenye maandishi ukiwa umegeuziwa ukutani. Kando yake viliwekwa viatu vya turubai vya mwanamume. Alivitambua kutokana na fomu ya polisi: ndivyo vilivyokutwa mchangani, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama maji.

Sebuleni mlikuwa na isale dirishani, kijani kitupu kama la Dafrosa, refu zaidi. Severin alilitazama toka chini hadi juu. Hakuna jani lililokatwa.

Leokadia alileta chai ya tangawizi, akaketi.

"Dafrosa hajambo?"

"Hajambo."

"Bado anasema nimemuua?"

"Bado anasema. Na Jumatatu atakwenda kusema polisi." Severin aliweka karatasi mezani, namba mbili, moja juu ya nyingine. "Shemeji, uliwaambia polisi wa Kanada kwamba gari halikusogea."

Leokadia alizisoma namba. Hazikumchukua muda.

"Namba inaweza kukosewa."

"Na Thomas?"

Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayekumbuka jambo lililomuudhi zamani. "Hapana. Thomas hakukosea namba. Tulipofika kambi ya kwanza nilimwambia, mume wangu, tazama mlima! Akasema ngoja niandike."

"Ulikwenda Wawa," Severin alisema. "Kwenye kituo cha basi. Uliamka, hayupo, na kabla hujawaza ziwa ukawaza basi. Ukaendesha gari kubwa kama nyumba, wewe uliyekuwa hujaliendesha hata siku moja, ukaenda kuuliza."

"Nani kakwambia sikuwahi kuliendesha?"

"Daftari. Thomas aliandika jina la dereva kila siku."

Alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. "Niliondoka alfajiri. Nilikwangua miti njia nzima. Yule mama wa tiketi akaniambia hajamwona mtu mweusi tangu azaliwe, na kama angemwona angekumbuka. Nikarudi. Vile viatu vilikuwa ufukoni, sikuviona mwanzoni. Nikavishika, nikaita polisi."

"Na ukawaficha habari ya Wawa."

"Ningewaambia nini? Kwamba nilifikiri mume wangu amenikimbia? Wangeuliza kwa nini nifikiri hivyo."

"Kwa hiyo walitafuta ziwani tu. Siku kumi. Hakuna aliyetafuta barabarani."

"Najua, shemeji." Alisema polepole. "Hilo unaniambia wewe leo. Mimi nimejiambia kila siku."

Severin alimpa nafasi ya kunywa chai. Hakunywa.

"Na viatu vyake vingine, vya ngozi?" aliuliza.

"Havikuwemo kabatini."

"Ulilijua hilo siku ile ile?"

"Kabla polisi hawajafika. Lakini siku ya kwanza zikaja mashua mbili, ya pili zikaja nne. Wapiga mbizi. Wazee wa kambini wananiletea supu, wananiombea. Pasipoti yake iko begini. Ukikaa siku kumi unatazama watu wazima wakitafuta maiti, unaanza kuziamini mashua kuliko macho yako. Nilimlilia, Severin. Usidhani nilikuwa naigiza. Nimemlilia miezi minane."

Severin aliandika: minane. Tangu Agosti hadi Mei ni miezi tisa na nusu. Hakumuuliza kilichotokea baada ya miezi hiyo minane. Alimwomba ramani.

"Ramani gani?"

"Ya safari. Wapimaji huchora njia."

Leokadia aliinuka bila haraka. Kisha akaenda chumbani, akarudi na ramani kubwa iliyokunjwa mara nyingi, akaiweka mezani na kuondoa mkono wake upesi.

Severin aliikunjua upande kwa upande. Mstari wa penseli nyekundu ulianzia Montreal, ukapita Ottawa, ukashuka, ukapanda, nyuzi nyuzi, mahali pa kulala pamewekwa nukta, kila nukta na tarehe yake. Ulifika Agawa ukakoma. Mbele yake palikuwa na nchi nzima ambayo hawakuipita, mito na nyanda na milima, hadi Vancouver ambako Thomas alikuwa amechora duara mapema, kabla ya safari.

Lakini mstari haukukoma kabisa. Kutoka Agawa uliendelea kwa penseli ya kawaida, hafifu, mkono mwingine, umefuata barabara bila rula. Ulizunguka ziwa, ukapita Winnipeg, ukasimama Regina. Na pale Regina, ndani ya mkunjo wa karatasi, lilikuwa limelala jani.

Severin hakuligusa kwanza. Alitoa kalamu akaligeuza kwa ncha. Jani jembamba, refu kama kiganja na nusu, limefungwa fundo moja. Limesinyaa, lakini fundo lilipobonyezwa lilinepa, na ndani ya mkunjo bado palikuwa na kijani. Pembeni, toka mwanzo hadi mwisho, lilikuwa na mistari miwili ya njano.

"Jani la miezi kumi lingevunjika kama biskuti," alisema. "Hili lina wiki tano, sita. Halikutoka kwenye chungu chako, chako hakijakatwa, na majani yake hayana njano. Halikutoka kwa Dafrosa; lake ni ndugu wa lako. Na Dafrosa anaomba ufungwe, haombi radhi. Hili ni la duka la maua. Mchaga aliye mbali na kwao ameingia dukani, akatafuta kilicho karibu na isale, akakikata." Akaliweka jani chini. "Tarehe tatu Mei ukaenda kumdai Method koti. Mjane hadai koti la marehemu. Mke hulidai, la mtu atakayeona baridi."

Leokadia aliinuka. Alitoa bahasha ndani ya kitabu cha sala, akamkabidhi. Stempu ya Kanada, muhuri wa Regina, tarehe 22 Aprili 1975. Jina la Leokadia kwa herufi za mpimaji, zilizonyooka kama nguzo. Ndani hamkuwa na kitu. Nyuma hapakuwa na anwani.

"Hakuandika neno?"

"Jani tu."

"Kwa nini hukumwambia Dafrosa? Unaitwa muuaji kanisani. Umenyamaza wiki tano, na neno moja lingekutoa."

"Mwanamume aliyezama ni marehemu," Leokadia alisema. "Watamwombea. Aliyekimbia watauliza alikimbia nini. Na Dafrosa hatakubali jibu rahisi. Alikuwa anapelekewa mchumba, Severin. Mtu hakimbii harusi yake mwenyewe."

Severin alingoja. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba swali bora kuliko yote halina maneno.

"Jioni ile ndipo aliponiambia habari za binti wa Rombo," alisema. "Tumemaliza kula, tumekaa nje ya gari, maji yametulia. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayesoma ramani. Mama ameshazungumza nao, Desemba nitakwenda, wewe utabaki mke wangu, hakuna litakalobadilika. Nikamwacha akamaliza." Alitazama mikono yake. "Mimi nafanya kazi hospitali ile ile tuliyopimwa. Majibu yake yalipita mezani kwangu mwaka sabini na mbili. Yangu hayakuwa na kasoro. Nikayaficha yake. Mama mkwe akaandika kwamba mimi ni shamba la mawe, nikanyamaza. Dafrosa akasema mbele ya watu, nikatazama chini. Miaka miwili, nikaona si kitu, ni maneno tu. Lakini binti wa watu! Aletwe aje naye kuitwa shamba la mawe? Basi nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Aliingia garini akaandika namba. Akatoka akaosha vikombe. Akaniambia usiache taa iwake, betri itakwisha. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Betri itakwisha."

Watoto walikuwa wakipiga kelele uwanjani chini, kwa Kiswidi. Leokadia alisubiri wapite.

"Kwa hiyo andika unavyotaka. Andika kwamba nilikwenda Wawa na sisemi kwa nini. Wacha polisi waniulize. Nikisema yu hai, wataniuliza lile, na lile silisemi. Aliniomba radhi. Sitamlipa kwa kumvua nguo mbele ya mama yake."

Severin alifikiri kwa utaratibu wake. Kulikuwa na swali moja aliloulizwa, na mambo mengine ambayo hakuulizwa. Mpelelezi anayechanganya vitu hivyo viwili ni mbea.

"Dafrosa aliniuliza yuko wapi," alisema. "Hakuniuliza kwa nini. Nitaandika: Thomas alikuwa hai, mjini Regina, tarehe 22 Aprili. Maili mia na kumi na mbili ni safari ya mke kumtafuta mumewe kituo cha basi. Hayo tu. Hakuna mtu atakayekwenda polisi na karatasi hiyo."

"Atakuuliza, kwa nini alikimbia?"

"Nitamwambia amtafute amuulize mwenye miguu."

"Hatatosheka."

"Hatatosheka. Lakini nitakuwa nimesema kweli, na wewe utakuwa hujasema." Akasita, kisha akatoa jambo la mwisho, kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli na alidhani anapaswa kulijua. "Mama mkwe wako hajakubali misa. Kila Jumapili anamwekea Thomas sahani."

Leokadia alimtazama kana kwamba amepigwa.

"Sahani? Nani amekwambia?"

"Barua. Imefika jana."

"Mimi nilidhani wameshamlilia wakamaliza. Nilidhani wenzangu wote wamekwisha pumzika." Alijishika shavu. "Wiki tano. Jumapili tano ningeweza kumwambia, na nimekaa nalo ndani ya ramani."

Alikwenda dirishani. Alitoa mfukoni mwa sweta mkasi wa hospitali, ule wa kukatia bendeji, akachagua jani la katikati, zuri, akalikata karibu na shina. Lilikuwa jani la kwanza kukatwa kwenye chungu kile tangu mwaka sitini na nane. Alilifunga fundo kwa uangalifu wa kazi yake, akalizungushia ukurasa wa gazeti la jana, akampa Severin.

"Mpe Dafrosa alipeleke kwa mama, na posta ya kwanza. Mwambie ni kwa zile Jumapili. Ya mwaka mzima nitayajibu kwa Mungu, lakini zile tano ni zangu."

"Na Dafrosa mwenyewe?"

"Dafrosa atakapoliona hataweza kukataa. Ataniudhi tena Jumamosi ijayo, lakini hili hataweza." Karibu acheke.

Severin aliweka kifurushi cha gazeti katika mfuko wa ndani wa koti. Alikunja ramani kama alivyoikuta, jani la Regina likiwa ndani.

"Na hili?" aliuliza. "Umelikubali?"

"Siku ile ile, kabla sijaketi. Isale halikataliwi." Leokadia alichukua bahasha mezani, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaigeuza tena nyuma. "Wazee walilipanga vizuri jambo hili. Anayeomba analeta, anayesamehe anampokea. Hakuna aliyefikiria mtu atakayeomba kwa posta na asiseme yuko wapi."

Severin aliichukua bahasha akaikagua tena upande wa nyuma, ingawa alikuwa ameshaikagua mara mbili.

Ukumbini aliinama kuvaa viatu vyake. Leokadia alikuwa amerudi jikoni kuosha vikombe, maji yalisikika. Severin hakuwa mtu wa kugusa visivyomhusu, lakini alikigeuza kile kifurushi cha kaki kilichoelekea ukutani. Kilikuwa chepesi na laini, koti lenye manyoya hadi ndani ya kofia. Juu yake, kwa herufi kubwa za mwuguzi, liliandikwa jina la Thomas, na chini ya jina, Regina, Saskatchewan, Kanada. Kati ya jina na mji iliachwa nafasi ya mistari miwili, iliyopigwa kwa rula, tupu.

Alikirudisha kama kilivyokuwa, kikitazama ukuta, akafungua mlango taratibu.